Kazi Inayomlea Mtoto na Kazi Inayomharibu: Tuyatazame Machimbo Yetu ya Dhahabu

Tukizungumzia ajira ya watoto katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, huzuka swali: je, ni kosa mtoto kumsaidia mzazi wake kazi? La hasha. Mtoto anayechota maji, anayepalilia mahindi baada ya masomo au kuchunga mbuzi siku ya Jumamosi anajifunza kuishi, kama vile Yesu alivyokua katika nyumba ya seremala. Hatulaani jembe la nyumbani. Tunamzungumzia mtoto aliyeko machimboni.

Mpanda ni mji uliolelewa na madini. Hata reli ya kutoka Kaliua ililetwa huku kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba, enzi za ukoloni. Leo ni dhahabu ya wachimbaji wadogo, kuanzia Dirifu na Magamba hadi Ibindi, na riziki hiyo ni ya halali. Lakini mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha taarifa juu ya machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, likaeleza habari za watoto, wengine wa miaka minane tu, waliochimba, kubeba mawe na kushika zebaki. Uchunguzi huo haukufanyika Katavi, ila jiwe letu nalo husagwa kwa karasha na dhahabu yetu nayo hukamatwa kwa zebaki.

Donge la dhahabu na zebaki linapochomwa, zebaki hupaa ikawa hewa isiyoonekana wala kunusika, naye aliye karibu huivuta. Hushambulia ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na mwili wa mtoto, kwa kuwa ungali unajengwa, hudhurika zaidi. Mama mjamzito humpitishia hata aliye tumboni. Ubaya wake ni kwamba haiumi siku ile ile. Mtoto hurudi nyumbani akicheka. Mikono kutetemeka na masomo kutoshika kichwani huja baadaye, na hapo wengine wetu huanza kumtafuta aliyemroga. Tena vumbi la karasha hukaa mapafuni na kukifungulia njia kifua kikuu.

Wapo wasemao, "Huyu anaokota mawe tu." Nchini Marekani, Februari 2023, Wizara ya Kazi ilitangaza kwamba kampuni moja ya kusafisha viwanda vya nyama ilitozwa faini ya dola milioni 1.5 kwa kuwaajiri watoto 102 wenye umri wa miaka 13 hadi 17, katika majimbo manane. Nao walikuwa "wakisafisha tu": usiku, kwa kemikali kali, wakiosha misumeno ya kupasulia nyama. Neno "tu" limeficha mengi huko na huku.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mwenye miaka 14 kufanya kazi nyepesi. Inamkataza aliye chini ya miaka 18 kazi ya hatari, na inataja wazi migodi, mizigo mizito, kemikali na mahali penye mashine, pamoja na kazi ya usiku, yaani saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kanisa lilisema mapema zaidi: Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, alionya watoto wasitiwe viwandani kabla mwili na akili havijakomaa. Baba Mtakatifu Fransisko alilirudia suala la watoto kutumikishwa katika katekesi zake za Januari 2025.

Tusiwe wepesi kumsuta mama mjane. Ada ya shule imefutwa, lakini sare, daftari na chakula havikufutwa, na njaa haisubiri mavuno. Lawama kubwa, kwa maoni yetu, ni ya mwenye karasha anayempenda mtoto kwa sababu ujira wake ni mdogo, na ya mnunuzi asiyeuliza dhahabu imepita mikononi mwa nani. Baadhi yao tunasali nao Misa moja.

Viongozi wa Jumuiya, mnayo orodha ya watoto wa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara. Asiyeonekana majuma matatu, nendeni kwao, mkibeba debe la mahindi ikibidi. Mkimkuta yuko machimboni, zungumzeni na wazazi, kisha mwoneni afisa ustawi wa jamii au mpige simu 116, namba ya kuwasaidia watoto. Kupiga ni bure.