Ngũgĩ wa Thiong'o na ufundi wa riwaya ya Kikuyu

Uamuzi wa Ngũgĩ wa Thiong'o wa kuacha kuandika riwaya kwa Kiingereza huelezwa zaidi kama msimamo wa kisiasa, na kweli ulikuwa hivyo. Lakini katika Decolonising the Mind (1986) yeye mwenyewe alieleza kwa kirefu upande mwingine, ule unaomkabili mwandishi akiwa na kalamu mkononi: alipobadili lugha, ilimbidi aifikirie upya tahajia, msuko wa hadithi, hata msomaji wake. Upande huo wa fikra zake haujadiliwi inavyostahili.

Mwaka 1962, akiwa mwanafunzi wa Makerere, Ngũgĩ alialikwa kwenye mkutano wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika chuoni hapo, akiwa na hadithi fupi chache tu zilizochapishwa. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika mashairi, insha na hadithi ndefu kwa Kiswahili kwa miaka mingi na ambaye alifariki mwaka huohuo, hakuwa na nafasi pale, kwa sababu mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Baadaye Ngũgĩ alilirejea jambo hilo kama ushahidi wa jinsi fasihi ya Afrika ilivyokuwa ikipimwa kwa kipimo kilichopotoka. Hata hivyo, riwaya zake nne za kwanza, kuanzia Weep Not, Child (1964) hadi Petals of Blood (1977), zote ni za Kiingereza.

Kilichomgeuza ni jukwaa. Mwaka 1977, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa ajili ya wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Wanakijiji waliichambua lugha ya mswada na kuisahihisha pale mhusika aliposema maneno yasiyolingana na umri wake au kazi yake. Wahariri wa aina hiyo mwandishi hakuwahi kuwapata kwa vitabu vyake vya Kiingereza. Serikali ilifuta kibali cha maonyesho, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa. Alizuiliwa katika gereza la Kamiti bila kufikishwa mahakamani hadi Desemba 1978.

Humo ndimo alimoandika riwaya ya Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, kwenye karatasi za chooni. Karatasi zile zilikuwa ngumu na zenye kukwaruza, na kwa sababu hiyohiyo zilishika wino vizuri. Mazungumzo na askari jela na wafungwa wenzake yalimpa msamiati, methali na visa. Mswada ulipokaribia kumalizika ulikamatwa katika upekuzi. Ofisa aliyeurudisha baada ya wiki chache alisema hakuona ubaya wowote ndani yake, ila Kikuyu chake ni kigumu mno.

Ugumu aliokutana nao Ngũgĩ ulikuwa wa namna nyingine. Tahajia ya Kikuyu iliyotokana na kazi ya wamisionari haionyeshi toni, na haitofautishi vya kutosha irabu fupi na ndefu. Aliweza kuandika aya jioni akiwa na hakika ya maana yake, kisha asubuhi akaikuta inasomeka vingine kabisa. Dawa aliyoipata ilikuwa kulitia kila neno katika sentensi isiyoruhusu maana ya pili, na kila sentensi katika aya inayoilinda. Kwa maneno mengine, upungufu wa alama ulimfunza nidhamu ya muktadha, na nidhamu hiyo inafaa katika lugha yoyote.

Umbo la hadithi nalo lilibadilika. A Grain of Wheat (1967) ilirukaruka kati ya nyakati na masimulizi mengi. Kwa msomaji wa Kikuyu, ambaye huenda hajawahi kushika riwaya, Ngũgĩ alichagua uzi mmoja ulio wazi: safari ya matatu kutoka Nairobi hadi Ilmorog, ambako wezi wakubwa wanashindana kujisifu. Msimulizi ni mpigaji wa gĩcaandĩ, ala ya kibuyu, na mazimwi ya ngano yanapata makazi katika dunia ya mabenki. Huu haukuwa urahisishaji. Ni kuazima kutoka hazina ambayo msomaji tayari anaimiliki.

Henry Chakava wa Heinemann, Nairobi, aliichapisha Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1980. Kufikia mwisho wa mwaka huo, nakala 15,000 zilikuwa zimepigwa chapa. Familia zilikusanyika jioni kusomewa sura baada ya sura. Katika baa, msomaji alisita mahali patamu, akaangalia glasi yake tupu, na wasikilizaji wakamwagizia nyingine ili aendelee. Tafsiri ya Kiswahili, Shetani Msalabani, ilifuata mwaka 1982.

Riwaya iliyofuata, Matigari (1986), ilizua mazungumzo mengi hivi kwamba polisi waliagizwa kumkamata mtu wa jina hilo. Walipogundua kwamba ni mhusika wa kubuni, walivikamata vitabu madukani mwaka 1987.

Ngũgĩ, ambaye tayari alikuwa uhamishoni, aliendelea kuandika kwa Kikuyu kwanza, kisha kujitafsiri. Mũrogi wa Kagogo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 2006 kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 2021 The Perfect Nine iliingia katika orodha ndefu ya tuzo ya kimataifa ya Booker, naye akiwa ameorodheshwa kama mwandishi na pia kama mfasiri. Alifariki Mei 2025.