Kijiko cha mtumba cha jina geni: hesabu tuliyopiga kabla ya kutoa hela

Wauzaji wenzangu, najua wengi humu mnauza nguo, viatu, vipodozi na vyombo, na unaweza kusema mashine ya kuchimba mitaro haikuhusu. Ngoja kidogo. Ipo siku utaletewa friji ya mtumba ya kampuni ambayo hujawahi kuisikia, au cherehani, au mashine ya kuchapa fulana, kwa nusu ya bei ya ile inayojulikana. Hesabu utakayotakiwa kupiga ni hii hii. Yangu ilikuwa na sifuri nyingi tu.

Mimi nauza simtanki, mabomba na vifaa vya maji hapa Dodoma, karibu vyote kupitia Status na Instagram. Mteja akishalipia tanki, swali linalofuata kwenye inbox ni lile lile: "Unamjua mtu wa kunichimbia karo?" Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, viwanja vya Iyumbu, Nala, Ihumwa na Nzuguni vimejaa misingi, na kila nyumba inataka shimo la choo, mtaro wa bomba na mahali pa kumwaga mchanga. Kwa miaka mitatu nimekuwa nawaunganisha wateja na wenye mashine, napata shilingi kidogo ya udalali. Mwaka huu tukasema, kwa nini mashine isiwe yetu?

Tulikuwa watatu: mimi, dada yangu anayeuza vitenge mtandaoni, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tulikuwa na milioni 48 jumla. Kati ya hizo, milioni 15 za dada zilikuwa hela za kupaulia nyumba yake. Aliziweka mezani akasema, "Mdogo wangu, hizi ni bati zangu. Mkizizamisha nitalala nje na nitakuja kulala kwako." Alikuwa anacheka lakini hakuwa anatania.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Ninaposema kijiko hapa namaanisha ile mashine ya matairi yenye ndoo kubwa mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Mtaani kila mtu anaiita JCB, hata kama ubavuni imeandikwa Case au Caterpillar. JCB yenyewe ni kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1945, na herufi hizo ni za jina la mwanzilishi, Joseph Cyril Bamford. Jina limekuwa kubwa mpaka likameza mashine zote. Uzuri wa mashine hii kwa sisi wenye mtaji mdogo ni kwamba inatembea yenyewe barabarani. Ukipata kazi Msalato asubuhi na nyingine Mkonze mchana, huhitaji lori la kuibeba.

Tulizunguka mwezi mzima. JCB 3CX yenye hali nzuri tuliiona kwa milioni 82, maana yake mkopo wa milioni 34. JCB nyingine ilikuwa milioni 55, lakini imechoka: mkono unacheza kama jino bovu, na injini inatoa moshi wa bluu. Halafu ikaja ya tatu, milioni 46, imetunzwa, ya mkandarasi mdogo aliyekuwa anapunguza shughuli. Ubavuni imeandikwa Fermec 860.

Shemeji alisoma lile neno mara mbili akasema, "Fermec ndiyo nani?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na hapo ndipo nadhani wengi tunapokosea tukiwa sokoni. Tunauliza jina ni kubwa au dogo, tunaishia hapo. Jina la kwenye bati ni mtu wa mwisho tu aliyeiunganisha mashine. Ndani kuna injini ya huyu, ekseli za yule, pampu ya mwingine. Swali lenye faida ni moja: ikiharibika Jumanne, nani hapa Dodoma ataifanya ichimbe Alhamisi, na kwa spea ya kutoka wapi?

Nilichimba historia yake usiku mmoja kwa bando la buku mbili. Fermec si kampuni ya ajabu. Ni kitengo cha mashine za ujenzi cha Massey Ferguson, kule Manchester, kilichouzwa mwaka 1992 kikapewa jina hilo. Baadaye kikanunuliwa na Case, kisha Terex, na biashara ya vijiko ya Terex ikaishia kwa Mecalac ya Ufaransa. Model ya 860 iliendelea kutengenezwa ikiitwa Terex 860. Kwa hiyo ukitafuta spea za Fermec unaona vitu vichache, ukiandika Terex 860 unaona vingi. Hili lichukue hata kama unauza vipodozi: kitu kikikosa spea mtandaoni, tafuta jina alilokuwa nalo mwenye kiwanda kabla, na alilochukua baadaye.

Injini yake ni Perkins. Hapo moyo ukatulia kidogo, kwa sababu Perkins hapa si mgeni. Trekta nyingi za Massey Ferguson zinazolima Kongwa na Bahi zina injini za Perkins, na hata JCB zenyewe zilitumia Perkins kwa miaka mingi kabla hawajaanza kutengeneza injini yao mwaka 2004. Lakini tahadhari: jina moja si spea moja. Fundi wetu wa Chang'ombe alikataa kabisa kusikia habari za "ni ya Perkins". Alisugua mafuta pale kwenye bloku, akatusomea namba ya injini, akatuambia herufi mbili za mwanzo ndizo zinazosema injini ni ya ukoo gani. Tukapiga picha. Kwa picha ile ile nilizunguka maduka mawili ya spea za trekta na kupata filta zote na gasketi ya kichwa siku hiyo hiyo, bila kumtajia muuzaji neno Fermec.

Tukaendelea hivyo kwa kila sehemu. Mipira ya haidroli inakatwa na kubanwa hapa hapa mjini kwa kipimo. Sili za silinda, fundi anapima kipenyo kwa kifaa na kutafuta inayolingana. Pini na bushi za mkono zinakerezwa karakana. Vyote hivyo havijali mashine inaitwaje. Kilichobaki ni giaboksi, kioo cha mbele na baadhi ya vali, ambavyo vingetakiwa kuagizwa kupitia Dar, na jibu la wakala lilikuwa wiki mbili hadi tatu. Sasa tukajua adui wetu ni nani. Hatukuwa tunaogopa Fermec nzima, tulikuwa tunaogopa giaboksi.

Twende kwenye hesabu, maana bila hesabu haya yote ni stori. Saa moja tunatoza 60,000 pamoja na mafuta. Siku nzuri ni saa 7, yaani 420,000. Tulipima wenyewe: saa 4 za kuchimba zilikula lita 29. Kwa siku ya saa 7, dizeli ya wiki ile ilikaribia 150,000. Opereta 40,000. Tukatenga 50,000 kila siku ya kazi kwa ajili ya oili, filta na tairi, maana tairi la nyuma la hii kitu likipasuka utajua hujui. Inabaki 180,000.

Shemeji akazidisha 180,000 kwa siku 26 akaanza kuchagua rangi ya gari. Tukamrudisha. Mimi nina orodha ya wateja wangu wa miaka mitatu kwenye simu, na hiyo ndiyo iliyotuambia ukweli. Kiangazi tungepata siku kama 15 kwa mwezi. Mvua zetu zikianza, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, watu wanahamia shambani, hela inaenda kwenye mbegu, na ukiingiza mashine ya tani kama 8 kwenye udongo wa mbuga kule Bahi unaenda kutafuta trekta la kukuvuta. Hapo tuliandika siku 6. Miezi 7 kwa 15 na miezi 5 kwa 6 inaleta siku 135 kwa mwaka. Ni milioni 24 na laki tatu. Mtaji wetu unarudi baada ya miaka miwili hivi.

Kwa hesabu hiyo, tofauti ya milioni 36 kati ya Fermec na ile JCB nzuri ni siku 200 za kazi. Mwaka mzima na nusu wa kazi, kabla hujagusa riba ya mkopo. Swali likawa: je, jina geni litatulaza chini siku 200 zaidi ya jina kubwa? Giaboksi ikifa mara mbili na kila mara tukasubiri wiki tatu, ni siku 42 za kalenda, na kati ya hizo za kazi ni kama 21. Bado kuna nafasi kubwa. Ile JCB iliyochoka wala hatukuijadili. Jina kubwa juu ya mashine iliyokufa linakusaidia tu kuiuza kwa mtu mwingine asiyepima.

Ila shemeji alikuwa na hoja moja nzito na sitaki kuipunguza. Alisema, "Tukikwama, JCB tunaiuza wiki moja. Hii tutaiuza kwa nani?" Ni kweli. Kitu cha jina dogo unakinunua kwa bei nafuu na utakiuza kwa bei nafuu, tena kwa kusubiri. Ndiyo maana kama una mpango wa kufanya kazi miezi sita kisha uuze, au kama hela ni ya mkopo na marejesho ni kila mwezi, mimi nakushauri uachane na jina geni hata kama ni zima. Sisi tulikuwa tunakaa nayo, na hatukuwa na deni.

Tulikwenda kuikagua saa 12 asubuhi bila kumpa mzee muda wa kuipasha. Fundi alishika injini kwanza kuona kama ni ya baridi. Ikawaka mara ya pili, moshi mweusi kidogo kisha ukakata. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma kuona kama kuna pumzi inayotoka kwa nguvu. Akaiinua kwa miguu yake ya nyuma mpaka matairi yakaacha ardhi, akazima, akaenda kunywa chai. Dakika 20 baadaye ilikuwa bado imesimama pale pale, silinda za miguu hazivuji. Mita ya masaa hakuiangalia hata. Aliangalia mpira wa pedali na kitambaa cha kiti, akasema hivyo havirudishwi nyuma kwa bisibisi. Kadi ya usajili tuliichukua namba tukahakiki TRA, na namba ya chasisi tukailinganisha kwa macho yetu, si kwa picha ya WhatsApp.

Halafu tukaomba jambo ambalo mzee hakulitegemea. Tuliikodi siku 6, kwa hela yake kamili na opereta wetu, kazi ya mitaro Iyumbu. Siku ya tatu mchana, mafuta ya giaboksi yakiwa ya moto, ukiweka rivasi ilikuwa inachelewa sekunde tatu nne ndipo ishike. Asubuhi ikiwa ya baridi usingeliona kamwe. Fundi alisema ni sili za ndani zinaanza kuchoka: leo inafanya kazi, mwakani haitafanya. Tulimpelekea mzee video, kwa heshima. "Mzee, mashine tumeipenda, lakini shikamoo yako na hii rivasi haviendani." Alicheka. Alishuka mpaka 41.

Tukanunua. Milioni 7 zilizobaki ziko kwenye akaunti inayotaka saini mbili, ya dada na yangu, na haziguswi isipokuwa kwa spea. Kwenye mkataba wetu dada ndiye anayerudishiwa kwanza, milioni 15 zote, kabla mimi na shemeji hatujagawana faida yoyote. Shemeji alinuna siku mbili akasaini.

Kwenye tangazo naandika "Kijiko cha matairi cha kukodi, Fermec 860, kinachimba karo, mitaro na kupakia mchanga", na video ya sekunde 20 kikiwa kazini. Sijaandika JCB kwa sababu siyo JCB, na mteja akifika saiti akakuta maandishi mengine ubavuni ataanza kujiuliza umemdanganya nini kingine. Mpaka sasa mteja mmoja tu ndiye aliyeuliza Fermec ni nini. Wengine wanauliza saa ni shilingi ngapi, na kama kinaweza kuja kesho.

Sili za giaboksi tumeziagiza kabla hazijakatika. Wakala wa Dar jana alituma picha ya kifurushi. Tumemwambia akifungue, apige picha ya namba ya kila sili, ndipo akikabidhi kwa basi.