NGOME HAIJILINDI YENYEWE
Tumezuru minara na maboma ya kale ya Ujerumani ya Kusini

Askari yeyote aliyepata kushika zamu usiku wa manane anaujua uzito wa saa zile. Baridi huingia mifupani, kambi yote imelala, na ukuta ulio nyuma yake ni kama unamnong'oneza kwamba hapana neno, aegemee kidogo. Jambo hilo tulilikumbuka mara nyingi katika safari yetu ya siku saba kati ya mashamba na vilima vya Ujerumani ya Kusini, nchi ambayo vilima vyake vingi vina ngome na miji yake ya kale ina minara. Nia yetu ilikuwa kuyatazama mawe. Lakini kilichotushika zaidi ni habari za watu waliosimama juu ya mawe hayo. Twaona ni wajibu wetu kuwagawia ndugu zetu wanajeshi na polisi habari hizo, kwani kazi ya watu wale ndiyo kazi yetu.

Wageni wengi waendao pande hizo hukimbilia Neuschwanstein, jumba lenye minara myeupe ambalo Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria alianza kulijenga mwaka 1869. Jumba hilo lapendeza macho, lakini si ngome ya vita. Lilijengwa wakati mizinga imekwisha kuzishinda kuta za mawe, na mfalme mwenyewe alifariki mwaka 1886 kabla halijamalizika. Sisi tuliliacha, tukaenda kuzitafuta kuta zilizopata kuona adui.

MNARA WA MBAO

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Lorch, mji mdogo katika bonde la mto Rems, mashariki ya Stuttgart. Juu ya kilima, karibu na nyumba ya kale ya watawa, umesimama mnara wa mbao uliojengwa upya kwa mfano wa minara ya askari wa Roma. Hapo ndipo ulipopita mpaka wa Dola ya Roma, uliotoka upande wa mto Rhine hadi mto Danube, urefu wa kilometa 550 hivi, wenye minara ya ulinzi ipatayo 900. Mwaka 2005 mabaki ya mpaka huo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kila mnara ulikaliwa na askari wachache tu. Mlango haukuwa chini; waliingia kwa ngazi kupitia ghorofa ya juu. Watu wachache namna hiyo hawakuwekwa pale ili wapigane na jeshi zima. Kazi yao ilikuwa kuona mapema na kupasha habari: usiku kwa mwenge, na wakati mwingine kwa baragumu. Mnara wa pili uliipokea ishara, ukaupa wa tatu, mpaka habari ikafika kambini. Huko Aalen, mwendo mfupi kwa treni kutoka Lorch, kilikaa kikosi cha wapanda farasi wapatao 1,000 waliokuwa tayari kutoka. Mnara ulikuwa jicho, na kikosi kilikuwa mkono.

Mpaka huo uliachwa kiasi cha mwaka 260. Ni kweli kwamba makabila ya ng'ambo yaliushambulia. Lakini miaka hiyo hiyo majenerali wa Roma walikuwa wakigombania kiti cha enzi, na vikosi vya mpakani viliondolewa kwenda vitani kwingine, hata kupigana na Warumi wenzao. Mkono ulipokatwa, jicho liliendelea kuona lakini halikuwa na wa kumwambia. Tulipokuwa juu ya mnara ule, upepo ukivuma katika misonobari, tulitambua kwamba mpaka huanza kubomoka makao makuu kabla haujabomoka msituni.

WANAWAKE WA WEINSBERG

Siku iliyofuata tulishika njia ya kaskazini hadi Weinsberg, karibu na mji wa Heilbronn. Kilima kimevikwa mizabibu kutoka chini hadi juu, na kileleni yamebaki magofu ya ngome ambayo wenyeji huiita Weibertreu, maana yake uaminifu wa wanawake.

Mwaka 1140 Mfalme Konrad wa Tatu aliizingira ngome hiyo, iliyokuwa mikononi mwa wapinzani wake wa ukoo wa Welf. Njaa ilipowashinda waliokuwa ndani, mfalme aliwaruhusu wanawake watoke salama, kila mmoja na kile awezacho kukichukua mabegani. Wanawake wakaacha dhahabu, wakaacha vyombo na nguo, wakashuka kilima kila mmoja amembeba mumewe mgongoni. Duke Friedrich akapinga, akasema hayo siyo yaliyokusudiwa. Mfalme akajibu kwamba neno la mfalme halifai kugeuzwa, akawaacha wapite. Habari hii imeandikwa katika tarehe ya kale ya mji wa Köln. Wanahistoria wangali wanabishana kama ilikuwa hivyo hasa. Lakini kwa askari ina mafunzo mawili. La kwanza ni la wanawake wale, waliojua ni kitu gani chenye thamani katika ngome. La pili ni la mshindi, aliyeshika ahadi yake ingawa aliona wazi kwamba amezidiwa akili.

Ngome hiyo hiyo ilipatwa na mambo mengine siku ya Pasaka mwaka 1525. Wakulima wa Ujerumani ya Kusini, waliochoshwa na kodi, kazi za lazima na kufanywa mali ya mabwana wa ardhi, walikuwa wameasi. Ngome ilikuwa na walinzi wachache, nayo ikatekwa upesi na kuchomwa moto. Mkuu wake, Ludwig von Helfenstein, alipitishwa kati ya safu mbili za mikuki mpaka akafa. Majuma machache baadaye jeshi la mabwana lilirudi, likalipiza kisasi kwa kuuteketeza mji wa Weinsberg. Tangu hapo ngome haikujengwa tena.

Tulikaa juu ya jiwe tukayapima mambo hayo mawili. Kilima ni kile kile. Mwaka 1140 watu wa ngomeni walifungwa pamoja na upendo, hata kushindwa kwao kukawa na heshima. Mwaka 1525 ngome ilizungukwa na raia wenye chuki, na mawe hayakuifaa kitu. Polisi anayemtendea raia haki katika kituo chake anajenga ukuta ambao fundi wa mawe hawezi kuujenga.

MPIGA MBIU WA NÖRDLINGEN

Kutoka hapo tulikwenda mashariki hadi Nördlingen, mji ulio katika uwanda wa duara wenye upana wa kilometa 25 hivi, uliochimbwa na jiwe kubwa lililoanguka kutoka angani miaka milioni 15 iliyopita. Mji wenyewe nao ni wa duara, umezungushiwa ukuta wenye malango matano, na mtu anaweza kutembea juu ya ukuta huo chini ya paa, kilometa 2.7, mpaka arudi alipoanzia. Mwezi Septemba mwaka 1634, katika Vita vya Miaka Thelathini, mji huu ulikuwa umezingirwa. Jeshi la Waswidi na wenzao lililokuja kuuokoa lilishindwa vibaya vilimani karibu na hapo, na mji ukafungua malango. Ukuta huweza kununua siku. Hauwezi kununua ushindi.

Katikati ya mji umesimama mnara wa kanisa la Mtakatifu Georg, wenye kimo cha meta 90, ambao wenyeji huuita Daniel. Tulizipanda ngazi zake 350 huku tukihema. Juu yumo mlinzi hata leo. Kila nusu saa, tangu saa nne usiku hadi saa sita, hutoa kichwa nje akapiga mbiu kwa lahaja ya huko: "So, G'sell, so!" Ni kama kusema, "Haya, mwenzangu, haya!"

Wenyeji hutoa hadithi juu ya mbiu hiyo. Husema kwamba mwaka 1440 mtawala wa Oettingen aliyeutamani mji huo aliwahonga walinzi wa lango waliache bila komeo usiku. Nguruwe mmoja akaja kujikuna kwenye lango, nalo likasogea. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akaliona likifunguka, akapiga kelele, na mji ukaokoka. Walinzi wale walilipa kwa roho zao.

Hapo tulicheka, kisha kicheko kikatukauka. Maana sisi wenyewe, tulipokuwa chuo cha makadeti, usiku mmoja tulikutwa tumeegemea ukuta wa ghala la silaha, macho yamefumba. Sajini wa zamu hakutukemea. Aliichukua bunduki taratibu, akatuachia fimbo mkononi, akatuamuru tulinde ghala kwa fimbo hiyo hadi alfajiri. Hakuna adui aliyekuja, lakini kila jani lililotikisika usiku ule lilitufanya tutetemeke. Hatukuhongwa na mtu. Usingizi tu ulitosha kuliacha lango wazi.

MEJA WA ROTHENBURG

Tulimalizia safari Rothenburg, juu ya bonde la mto Tauber. Malango yake, minara yake na paa zake nyekundu huonekana kana kwamba havikuguswa tangu zama za kale. Lakini tulipotembea juu ya ukuta tuliona vibao vya mawe vyenye majina ya watu wa nchi mbalimbali. Hao ndio waliochanga fedha ukuta ujengwe upya. Kwani tarehe 31 Machi 1945 ndege za Marekani ziliupiga mji kwa mabomu. Walikufa watu zaidi ya 30, zikaangamia nyumba zaidi ya 300 pamoja na minara tisa.

Majuma mawili baadaye jeshi la Marekani lilikuwa mlangoni na mizinga yake. John J. McCloy, ofisa mkuu katika Wizara ya Vita ya Marekani, aliyeijua sifa ya mji huo, aliomba usipigwe mizinga ikiwezekana. Askari wachache wakatumwa na bendera nyeupe kwenda kuzungumza. Ndani ya mji kamanda wa Wajerumani, Meja Thömmes, alikuwa na amri ya Hitler kwamba kila mji upiganiwe hadi mwisho. Vita vilikuwa vimekwisha kushindwa, na kila askari mwenye macho alilijua hilo. Meja aliwatazama raia waliojificha katika vyumba vya chini, akaamua asiwafie wala asiwaue bure. Tarehe 17 Aprili 1945 Wamarekani waliingia mjini bila mji kuteketezwa.

Kutii amri ndio uti wa mgongo wa jeshi, nasi hatuandiki haya ili kuulegeza. Lakini askari huapa kulinda nchi na watu wake, na yule meja alikumbuka kiapo hicho kilikuwa cha nini. Leo hakuna anayeuliza aliua wangapi. Mji wenyewe unasimama kumjibia.

Ndugu msomaji, yamkini gazeti hili utalisoma kabla ya kuingia zamu. Utakapofika lindoni, ukague komeo la lango kwa mkono wako mwenyewe, usiridhike kwa kulitazama tu. Ukuta utakaouegemea haujui kutazama, haujui kukataa hongo, wala haujui kumhurumia raia. Hayo yote umeachiwa wewe mpaka alfajiri.