Chuma Nacho Kinachoka

Je, unajua kama kobalti, madini ya kwetu Katanga, inatiwa katika vyuma vya motere za ndeke ili vivumilie moto? Lakini kila chuma kinachoka.

Kwa desturi, mafundi wanahesabu safari za kila kipande kilichowekewa kikomo. Hesabu ikitimia, wanakitoa, hata kikiwa kingali kizima. Na kikiharibika mbele ya hesabu? Tarehe 19 Julai 1989, diski ya titani katika motere ya ndeke moja ilipasuka angani, kule Marekani. Iliruhusiwa safari 18.000, ilikuwa imefanya 15.503 tu. Wakaguzi hawakuona ufa wake. Ndeke ilianguka Sioux City ikijaribu kutua. Watu 112 walikufa, 184 wakapona.

Leo mainjinia wanajaribu kutia vipimo vidogo sana ndani ya vipande vyenyewe, vipime joto na mtikisiko. Hivi kila kipande kitasema hali yake: kisitupwe mapema, wala kisicheleweshwe.

Lakini wewe kijana, shika neno hili: kipimo kinaonya tu. Kusimamisha mashini ni kazi ya mtu. Ndani ya ndeke ao ku mine, usidharau ufa mdogo.