Ebinyo si Mdudu, ni Jino la Mtoto

Lugha ya Kiswahili inalo neno la zamani, kigego. Wazee wa pwani walimwita hivyo mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi kwa wazazi wake na kwa mji mzima, na katika nyakati za kale wapo waliomtupa, au hata kumwua, ili balaa lisiwafike. Hali kadhalika wapo watoto wanaozaliwa na jino kinywani. Huyo naye alitazamwa kwa hofu, ingawa mara nyingi jino lenyewe ni lile lile la mbele la chini ambalo lingetoka baada ya miezi sita, ila limefanya haraka. Leo mkunga yeyote aliyefunzwa hushughulika tu na kutazama kama jino hilo limelegea, asije mtoto akalimeza, na kama linamuumiza mama anaponyonyesha. Neno kigego limebaki katika kamusi, na hofu yake imekwenda na wazee waliokuwa nayo.

Hofu nyingine haijaenda. Kabla ya kuitaja, yafaa msomaji afahamu kwamba kasoro za meno ni za asili mbalimbali, na nyingi hazina madhara makubwa. Kuna watu wasioota kabisa baadhi ya meno: takriban mtu mmoja kati ya watano hukosa angalau gego moja la mwisho, na wengi wao hawajui mpaka wapigwe picha ya taya. Wengine huota jino la ziada. Kuna meno yenye mifereji na vishimo kwa sababu mtoto alipatwa na homa kali au utapiamlo wakati meno yake yalipokuwa yakiumbwa ndani ya taya. Gamba gumu la nje la jino, likisha kuharibika, halijijengi tena kama mfupa uliovunjika.

Tena kuna kasoro iletwayo na maji. Katika nchi zilizo kandokando ya Bonde la Ufa, maji yapitayo katika mawe ya volkano huchukua madini ya floraidi. Kiasi kidogo cha floraidi hulinda jino lisioze. Kikizidi miligramu 1.5 katika lita moja, kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, meno ya watoto wanaoyanywa maji hayo hutoka na madoa meupe, kisha ya hudhurungi, na mengine humeguka. Ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro nchini Tanzania wanayajua hayo vema, na hapa Uganda yameonekana katika sehemu za Kasese na Kisoro. Mtu mwenye meno ya namna hiyo hudhaniwa kuwa mchafu asiyepiga mswaki, naye hana kosa. Maji aliyoyanywa kabla ya kutimiza miaka minane ndiyo yaliyomtia alama.

Lakini ipo kasoro moja ambayo mimba haikuileta wala maji hayakuileta. Binadamu huitengeneza kwa mkono wake, na hiyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Katika sehemu nyingi za Uganda huitwa ebinyo au ebino, yaani meno ya uongo. Tanzania, tangu miaka ya 1980, wameyaita meno ya plastiki au meno ya nailoni. Majina ni mengi lakini jambo ni moja. Mtoto wa miezi minne, mitano au kumi anaharisha, anatapika, ana homa, hataki kunyonya. Bibi yake anaupitisha ufizi kwa kidole na kukuta uvimbe pale mahali pa chonge, na pengine rangi nyeupe inaonekana kwa chini. Basi hukumu imekwisha kutolewa: mtoto ana ebinyo, na yasipoondolewa atakufa.

Anapelekwa kwa mganga. Mtoto analazwa mapajani, mikono inashikwa, na mganga anaupasua ufizi kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa, au kwa kisu, au msumari, au wembe, bila dawa ya kuzuia maumivu. Chombo hicho pengine kilitumika kwa mtoto mwingine asubuhi ile ile. Kinachochokolewa humo ni kitu kidogo, cheupe, laini na chenye utelezi. Mganga humwonyesha mama na kumwambia, “Tazama mdudu aliyekuwa akimla mwanao.” Mama anatazama na anaona kwa macho yake mwenyewe.

Kitu hicho ni nini? Meno yote ya mtoto, 20 ya utotoni na mengi kati ya 32 ya ukubwani, huanza kuumbwa muda mrefu kabla ya kuonekana. Chonge ya utotoni huanza kuwa ngumu mtoto akiwa bado tumboni, yapata mwezi wa nne au wa tano wa mimba. Sehemu yake ya juu hukamilika mtoto akiwa na miezi tisa hivi, nayo hutoboa ufizi kati ya miezi 16 na 22. Katika muda huo wote wa kungoja inakaa chini ya ufizi kama mbegu chini ya udongo, nusu imekuwa ngumu na nusu ingali laini. Kwa kuwa chonge hufanya uvimbe unaoonekana zaidi katika taya la mtoto, kidole cha bibi hukutana nayo kwanza. Mtoto mzima wa afya anao uvimbe huo huo, lakini yeye haharishi na kwa hiyo hakuna anayemkagua.

Kwa nini basi kuharisha na uvimbe huja pamoja? Huja pamoja kwa sababu ya umri tu. Kinga aliyoipata mtoto kwa mama kabla ya kuzaliwa hupungua katika miezi hiyo ya kwanza. Katika miezi hiyo hiyo anaanza kupewa uji na maji, anaanza kutambaa, na kila anachokiokota anakitia kinywani. Vijidudu vya kuharisha vinampata kwa njia hizo. Na kwa nini watoto wengine hupona baada ya kupasuliwa? Kwa sababu kuharisha kwingi kwa watoto wachanga huletwa na virusi ambavyo humaliza mwendo wake kwa siku chache, apasuliwe mtoto au asipasuliwe. Mganga huchukua sifa ya kazi ambayo mwili wa mtoto umeifanya wenyewe.

Wasiopona wameandikwa katika vitabu vya hospitali. Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na mji wa Gulu, ilihesabu watoto waliolazwa kwa madhara ya ebino kati ya mwaka 1992 na 1998. Idadi yao ilipita 700, na takriban mmoja kati ya kila watano alifia pale hospitalini. Walikufa kwa vijidudu vilivyoingia katika damu kupitia kidonda na kwa upungufu wa damu. Hao ni wale waliofika hospitali. Kaskazini mwa nchi katika miaka hiyo palikuwa na vita, na kufika hospitali kulikuwa kazi kubwa hata kwa mtu mzima. Chombo kile kile kinaweza pia kuleta pepopunda, na kupeleka homa ya ini na virusi vya UKIMWI kutoka kinywa hadi kinywa.

Mtoto akinusurika, taya lake halisahau. Mbegu ya chonge ya ukubwani huanza kuwa ngumu mtoto akiwa na miezi minne au mitano, yaani katika majuma yale yale anayopelekwa kwa mganga, nayo imelala karibu sana na ile ya utotoni. Spoki haiwezi kuzitenganisha. Matokeo yake huonekana baada ya miaka kumi: chonge haitoki kabisa, au inatoka ikiwa fupi, imepinda, ina vishimo na rangi ya njano. Pengine jino la jirani limeguswa nalo limekuwa na kasoro. Meno mengine husogea kuziba pengo, na mstari wa katikati ya meno huhama upande mmoja.

Mwandishi wa makala haya amepata kusimama mahali vijana walipokuwa wakikaguliwa kabla ya kuandikishwa jeshini. Daktari humwamuru kila kijana afungue kinywa, na karani huandika. Palikuwa na kijana mrefu, mwenye kifua kipana, asiye na chonge hata moja katika taya la chini. Alipoulizwa alijibu kwa fahari kwamba mama yake humwambia aliponea chupuchupu alipokuwa mchanga, na kwamba waliomtoa ebinyo ndio waliomwokoa. Askari wengine katika mstari walitikisa vichwa kukubali, na mmoja akafunua mdomo kuonyesha pengo lake. Ushahidi wao ulikuwa na nguvu kwa kuwa wao wenyewe walikuwa hai na wenye siha. Waliokufa kwa kisu hicho hicho hawasimami katika mstari wa kuandikishwa, wala hakuna karani anayewauliza.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1969 Profesa Jens Pindborg wa Denmark, bingwa wa maradhi ya kinywa, alichapisha maelezo juu ya ukataji wa meno nchini Uganda na kasoro zinazoufuata. Aliandika juu ya Waacholi na mbegu za chonge zinazochokolewa kwa watoto wachanga wenye homa na kuharisha. Tangu hapo desturi hiyo haikupungua kama ilivyotazamiwa. Imeonekana Kenya miongoni mwa Wamasai, imeonekana Sudan, Ethiopia na Tanzania, na madaktari wa meno wa Ulaya, Israeli na Amerika Kaskazini wameikuta katika vinywa vya watoto wa wahamiaji. Yafaa isichanganywe na ile mila ya baadhi ya makabila ya kung'oa meno ya mbele ya chini kwa vijana. Kijana wa zamani aling'olewa hadharani, kwa jina la kabila lake, naye akijua. Mtoto wa ebinyo ni mgonjwa asiye na usemi, na mara nyingi shughuli hufanywa kwa siri.

Siri hiyo imechangiwa na sisi wenyewe tuliosoma. Kazi ya kila siku ya mwandishi huyu ni kuzungumza na wananchi kwa niaba ya jeshi, na imemfundisha kwamba hakuna njia mbaya ya kumshawishi mtu kuliko kumkanushia alichokiona kwa macho. Mama anafika zahanati na kusema, “Mwanangu ana ebinyo.” Mwuguzi anamjibu kwa ukali kwamba hakuna kitu kama hicho, ni ujinga. Mama yule amekwisha kukiona kitu cheupe kikitolewa kinywani mwa mtoto wa jirani. Kwa hiyo anaamua kwamba mwuguzi ndiye asiyejua ugonjwa huo, na usiku ule anamfunga mtoto mgongoni na kwenda kwa mganga. Afadhali angeambiwa: ndiyo, mama, kitu kipo, nami nakijua, ni jino la mwanao ambalo halijakomaa, liache likae, na sasa tutibu kuharisha. Jibu hilo halimvunjii heshima, tena ndilo kweli.

Na kuharisha kunatibika. Kinachomwua mtoto anayeharisha ni kupotewa na maji na chumvi, na dawa ya kwanza ni kuvirudisha. Pakiti za unga wa chumvi za kuchanganya na maji hupatikana katika vituo vya afya. Zikikosekana, mama achukue lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, atie vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe visijae kupita kiasi. Achanganye na kumnywesha mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, huku akiendelea kumnyonyesha. Akitapika, angoje dakika kumi, aanze tena pole pole. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF wanashauri pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mwaka 2018 Uganda ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo dhidi ya virusi vya rota, ambavyo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kuharisha kukali katika umri huo huo wa ebinyo.

Mtoto mwenye macho yaliyozama, utosi uliobonyea, asiyetoa machozi akilia, anayeharisha damu, au asiyeweza kunywa, asingojee dawa ya nyumbani. Akimbizwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na pikipiki itafutwe hata kama ni ya kukopa.

Kwa wazazi ambao watoto wao wamekwisha kupasuliwa, wakiona ufizi umevimba, unatoa usaha au damu isiyokoma, au mtoto amepauka na kupumua kwa haraka, wampeleke hospitali na wamweleze daktari waziwazi yaliyofanyika, maana wakificha atatibiwa ugonjwa mwingine. Aliyekwisha kupona kidonda naye apelekwe kwa daktari wa meno afikapo miaka sita au saba, wakati meno ya ukubwani yanapoanza kutoka. Picha ya taya itaonyesha kama mbegu ya chonge ya pili ingalipo, na daktari aweza kulitunza pengo mpaka jino hilo lishuke, mtoto akiwa na miaka tisa hadi kumi na miwili.