Mwasumini Uani Mwetu

Zamani katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja, ilikuwa aghalabu ukiingia ua wa nyumba ya watu utaona mwasumini umeota kando ya kisima. Mama wa nyumba huchuma matumba yake alasiri, akayatunga uzini, akayachanganya na rehani akafanya kikuba. Na yaliyosalia akayatia sahanini akampelekea jirani. Siku hizi nyua nyingi zimetiwa saruji, na mti huu umekuwa kama mgeni katika mji wake wenyewe. Kwa hiyo twaona yafaa mwezi huu tuwaeleze wasomaji wetu, hasa mama zetu na dada zetu, jinsi ya kuupanda na kuulea. Maana hauhitaji shamba. Chungu kimoja na jua la kutosha vyatosha.

Kwanza na tuujue mti wenyewe. Asili yake ni nchi za Bara Hindi, na wataalamu wa mimea huuita Jasminum sambac. Ni katika ukoo mmoja na mzeituni, ijapokuwa kwa macho havifanani. Linnaeus wa Sweden, alipoandika habari zake mwaka 1753, aliuweka katika jina lenye maana ya ua la usiku, wala hakukosea. Kwani matumba yake hufunguka jua likichwa, yakanukia usiku kucha, na siku ya pili yakaanza kunyauka. Watu wa Ufilipino walilifanya ua hili kuwa ua la taifa lao mwaka 1934. Nao Wachina wa mji wa Fuzhou huyachuma matumba mchana, wakayachanganya na majani ya chai usiku yanapofunguka, chai ikanywa harufu yake.

Mti huu ni nadra kuzaa mbegu, basi hupandwa kwa tawi. Chagua tawi lisilo changa sana wala gumu sana, ukate kipande cha sentimita 15 hivi, chini kidogo ya kifundo. Yaondoe majani ya chini, uyabakishe mawili au matatu ya juu, kisha kichomeke katika mchanga uliochanganywa na mboji. Kiweke kivulini, udongo uwe na unyevu lakini usitote. Baada ya majuma manne hata sita, kwa kawaida, kitakuwa kimeshika mizizi. Njia nyingine ni kuliinamisha tawi refu likiwa bado mtini, kulifukia sehemu ya katikati, na kulikata likisha kuota mizizi.

Mche ukisha kushika, uhamishie katika chungu au debe lililotobolewa chini, utie magae kidogo ili maji yapite. Uweke mahali upatapo jua saa sita kwa siku au zaidi. Mwasumini wa kivulini hutoa majani mengi na maua machache. Maji umwagiwe udongo wa juu ukisha kukauka. Maji yaliyosalia ya kutawadhia au ya kuoshea mchele yafaa sana, lakini ya sabuni usiyatie.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Mwasumini wetu ulitokana na tawi la mti wa marehemu mama yetu. Nyumba yake iliuzwa, ua ukatiwa saruji, na mti ule mkubwa ukakatwa. Ukabaki huu wetu tu. Tuliupanda ardhini, karibu na ukuta, na kwa mapenzi tukaumwagilia asubuhi na jioni. Mara majani yakaanza kuwa manjano, mishipa yake ikibaki kijani. Tukazidisha maji, manjano yakazidi. Tukatia samadi mbichi. Majani ya pembeni yakaungua. Ilipofika hapo tukamwendea bibi mmoja wa mtaani petu, tukamwamkia na kumweleza. Alikuja, akafukua kidogo kwa kijiti, akatuonyesha vipande vya chokaa na mawe ya ukuta wa kale. Akasema, "Wanangu, huu hamkuupanda udongoni, mmeupanda ukutani."

Alisema kweli. Udongo wenye chokaa nyingi, kama ulivyo mahali pengi pa mwambao wenye mawe ya matumbawe, huuzuia mti kupata madini ya chuma, hata kama yamo ardhini; na maji ya kupita kiasi huinyima mizizi pumzi. Tuliung'oa kwa uangalifu, tukautia chunguni katika udongo mwekundu na mboji ya majani.

Kisha bibi yule akatuomba kisu. Tulisita, maana kila tawi tuliliona ni ukumbusho wa mama. Lakini maua ya mwasumini hutoka katika machipukizi mapya, na mti usiopogolewa huzeeka ukawa vijiti vitupu. Basi akakata thuluthi moja. Hiyo ndiyo kanuni: kila wimbi la maua likisha, punguza matawi marefu na makavu. Na samadi iwe ya zamani, iliyokwisha kuoza, kidogo kidogo; ukiizidisha utavuna majani.

Wadudu wake ni wale weupe kama pamba wajifichao chini ya majani, na utitiri wa kiangazi. Wapanguse kwa kitambaa chenye maji, au uwapulizie maji kwa nguvu asubuhi, tena na tena hata waishe.

Majani mapya yalianza kutokea, na baadaye tukaona matumba. Yale matawi aliyoyakata bibi hatukuyatupa. Tuliyachomeka mchangani, na matatu yakashika. Mche mmoja tulimpa yeye, na miwili tukawapa ndugu zetu. Basi nasi twawanasihi wasomaji: mwenye mwasumini asingoje kuombwa, na aukate agawe. Mti ulio katika nyumba moja tu waweza kupotea kwa siku moja. Ulioenea katika nyumba nne, mmoja ukifa, mwenyewe atakwenda kuomba tawi kwa jirani aliyempa.