Fedha ya Kiangazi, Hatari ya Masika: Maandalizi ya Kaya Dhidi ya Maafa Kusini mwa Tanzania (Sehemu ya Pili)

Katika lugha ya wataalamu wa menejimenti ya maafa, janga na maafa si kitu kimoja. Janga ni tukio lenyewe, liwe upepo mkali, mafuriko, ukame au moto wa nyika, ilhali maafa ni hali inayozuka pale tukio hilo linapoikuta jamii isiyoweza kulikabili kwa nguvu zake yenyewe, hata ikapoteza watu, mali na riziki. Tofauti hiyo ndiyo inayoipa kaya yenye kipato kidogo nafasi ya kutenda, kwa kuwa hakuna mkulima wa Chinongwe, wilayani Ruangwa, awezaye kuuzuia upepo, lakini anaweza kuuzuia usigeuke kuwa njaa ya miezi kadhaa. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza majanga yanayoikabili mikoa ya kusini. Sehemu hii inashughulikia swali gumu zaidi, nalo ni pale inapopaswa kuanzia kaya isiyo na akiba benki.

Jibu la swali hilo limo katika kalenda zaidi kuliko katika wingi wa fedha. Wilaya za Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Fedha nayo ina msimu wake: ufuta huuzwa kuanzia Juni, mbaazi hufuata, kisha minada ya korosho huanza Oktoba na kusogea hadi mwisho wa mwaka, mazao hayo yakipitia vyama vya msingi vya ushirika na chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kwa hiyo mkulima huwa na fedha wakati anga ni jeupe, na hatari humjia Januari hadi Machi, ghala linapokuwa limepungua, mavuno mapya hayajakomaa na njia za vijijini zimejaa matope. Bati lililolegea, likikazwa Agosti, hugharimu misumari michache na nusu siku ya kazi; likiachwa hadi Februari huweza kuondoka pamoja na chakula cha mwaka kilichokuwa chini yake. Umaskini huumiza zaidi katika pengo hilo la miezi, na maandalizi ya gharama nafuu si jambo jingine ila kuivusha sehemu ndogo ya fedha ya kiangazi hadi ng'ambo ya masika, ikiwa imegeuzwa kuwa waya, dumu, kuni au mbegu.

Kuhusu upepo, wako wanaodhani kwamba vimbunga ni mambo ya nchi nyingine. Ni kweli kwamba karibu na ikweta vimbunga ni adimu, kwa sababu nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ambayo ndiyo huizungusha hewa hata ikawa kimbunga, ni dhaifu mno huko. Lakini Lindi iko kwenye nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, mahali ambapo nguvu hiyo imekwisha kupata uwezo. Kimbunga kiliipiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952, tarehe ileile ambayo mwaka 1872 kimbunga kingine kiliangamiza mikarafuu ya Zanzibar. Mwezi Mei 2024 kilikuja kimbunga Hidaya, na ijapokuwa nguvu yake ilipungua kilipofika nchi kavu, kwa kuwa kimbunga hulishwa na joto la bahari, mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama. Kwa mkazi wa bara kama Chinongwe, tukio hilo lina funzo lake mahususi, kwamba janga la pwani humfikia hata kama upepo haukumfikia, kwa maana mafuta, chumvi, sabuni na dawa vinavyouzwa dukani kwake hupita katika barabara hiyo.

Nguvu ya upepo juu ya kitu huongezeka mara nne pale mwendo wake unapoongezeka mara mbili, na juu ya paa nguvu hiyo mara nyingi hufyonza kuelekea juu badala ya kukandamiza. Ndiyo sababu nyumba nyingi za miti na udongo hazianzi kuharibika ukutani, bali pale makombamoyo yanapokutana na mtambaapanya, yaani mti uliolazwa juu ya ukuta kupokea paa. Kamba za magome zilizokuwa imara mwaka wa kwanza huliwa na mchwa na kuoza, hivyo viungo hivyo vinafaa kukaguliwa kila kiangazi na kufungwa upya kwa waya laini wa ujenzi, ule utumiwao na mafundi kufungia nondo, waya huo ukishuka hadi kwenye nguzo ili paa lishikwe na nguzo zilizosimikwa ardhini. Paa la baraza linafaa lijengwe peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa kuu, kwa kuwa upepo huingia kwa urahisi chini ya baraza, na ni heri ukaondoka na sehemu hiyo ndogo kuliko kuivuta nyumba nzima.

Maji ya mvua hayahitaji mengi: mfereji unaozunguka nyumba na kuelekezwa bondeni, pamoja na msingi ulioinuliwa, hulinda ukuta wa udongo usilowe kutoka chini, jambo ambalo ni chanzo kikubwa cha nyumba kuanguka usiku. Maji ya kunywa yana ugumu wake, kwani visima vilivyo wazi huingiliwa na maji machafu na kuleta kipindupindu na kuhara. Maji yasiyo na tope yanaweza kutiwa katika chupa angavu za plastiki za lita moja au mbili na kulazwa juani kwa saa 6, au siku 2 ikiwa kuna mawingu, mionzi ya jua ikaua vijidudu. Lakini mvua inaponyesha mfululizo njia hiyo haifai, na hubaki kuchemsha. Kuchemsha nako kunataka kuni kavu, na kaya ambayo haikupanga kuni chini ya paa mwezi Oktoba hujikuta ikinywa maji mabichi Februari, ijapokuwa inajua madhara yake.

Upande wa chakula ndio unaostahili kuangaliwa kwa kina. Mahindi au mbaazi zinaweza kuhifadhiwa bila dawa katika dumu la plastiki lenye kifuniko kinachokaza, likajazwa hadi juu ili hewa ibaki kidogo, kwani wadudu waliomo humaliza hewa hiyo kwa kupumua kisha hufa. Sharti ni nafaka iwe imekauka, na kipimo chake ni chumvi: punje chache hutiwa pamoja na chumvi kavu katika chupa ya kioo iliyo kavu, zikatikiswa kwa dakika kadhaa, na chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado ina unyevu na ikifungwa itaota ukungu. Dumu moja liwe la mbegu pekee, na lisifunguliwe kwa ajili ya kula, maana kaya iliyokula mbegu yake huivusha njaa ya mwaka huu hadi mwaka ujao.

Muhogo ni ghala lililo ardhini, usioibwa kirahisi wala kuezuliwa na upepo, na huweza kusubiri shambani kwa miezi mingi. Hata hivyo muhogo mchungu una viasili vya sumu ya sianidi, na ukame huviongeza, wakati uleule ambao watu wenye njaa hufupisha siku za kuloweka na kuanika makopa. Matokeo yake huweza kuwa ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na bila kupona, kama ilivyoshuhudiwa katika mkoa jirani wa Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000, nao huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kinga yake haina gharama: unga wa makopa huloweshwa kwa maji, ukatandazwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sumu itoke kama hewa, kisha ukasongwa ugali siku hiyohiyo. Kwa kuwa mwili huhitaji protini ili kuondoa sumu inayobaki, ni busara kaya isiuze mbaazi zote mnadani.

Wingi wa fedha peke yake haukuwahi kuishinda hali ya hewa. Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliletewa matrekta na reli kutoka Mtwara, ukateketeza takribani pauni milioni 36, na mwaka 1951 ukafutwa, ukame na elimu haba juu ya mvua na udongo zikiwa miongoni mwa sababu. Wakulima waliokuwa jirani na mashamba hayo walikuwa wakichanganya muhogo, mtama na mbaazi katika shamba moja, utaratibu ambao unastahili heshima kubwa kuliko uliyopewa wakati huo.

Habari za hali ya hewa nazo zinahitaji kueleweka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zikiwa na rangi ya njano, ya machungwa na nyekundu, na kaya inafaa ikubaliane mapema kila ngazi inadai kazi gani na nani ataifanya: ni nani atamshika bibi mkono, na ni nani atachukua mfuko wa plastiki wenye vitambulisho, kadi za kliniki na stakabadhi za mazao. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji, na mwanakijiji ana haki ya kuuliza kamati ya kijiji chake ina mpango gani kabla ya mvua.

Kuna hatimaye vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo pamoja na hisa huwa na mfuko wa jamii wa kuwasaidia wanachama waliopatwa na dhiki. Vikundi vingi huvunja kikoba Desemba na kugawana kila kitu, hivyo mfuko huo huwa mtupu katika miezi ambayo paa huezuliwa na mtoto huugua. Hisa zinaweza kugawanywa Desemba kama ilivyozoeleka, lakini mfuko wa jamii ukabaki sandukuni hadi mvua zikatike mwezi Mei, na uamuzi huo hauhitaji zaidi ya mstari mmoja katika katiba ya kikundi.